Kiwiko cha Baba Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba mkwe kashikwa na mgongo. Juzi aliinuka kitini akabaki vilevile alivyokaa, kama ndoana, na mama mkwe akampeleka kitandani hivyo hivyo. Daktari anasema kosa ni la meza. Mtu mwenye mita mbili na ushee hawezi kuinamia meza ya watu wa kawaida miaka thelathini, akiwachorea watu ramani za nyumba, halafu mgongo umnyamazie tu. Kuanzia sasa achore amesimama. Atafutiwe meza ya kusimamia. La sivyo, aweke kalamu chini.

Aweke kalamu chini! Na nyumba yangu je? Ramani yangu iko kwake tangu mwaka jana. Ananichorea bure kwa kuwa nimeoa kwake. Imefika kwenye ngazi ikakwama. Kwa sasa ngazi yangu inaanzia sebuleni, inapanda hadi katikati ya hewa, inaishia hapo. Chini ya ramani yangu ipo ya mwanyumba wangu, yaani yule aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Fundi wa meno bandia. Mtu wa milimita.

Mama mkwe katamka mbele yetu sote: atakayemletea mzee meza inayomfaa, ramani yake ndiyo itakayotandikwa juu ya hiyo meza kwanza. Mwanyumba akatabasamu. Ana meno mazuri mno, yule bwana. Sijui kama ni yake.

Nimeamua. Meza naileta mimi. Kimya kimya.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mimi ni karani wa ghala la vitabu vya shule. Leo nimeaga kazini kwamba nakwenda kung'oa jino, nikaenda duka la samani. Dada muuzaji akaniuliza meza ni ya nani. Nikasema ya mtu mrefu. Akanitazama kutoka juu hadi chini. Safari fupi, nina mita moja na sitini, tena nikivaa viatu vya harusi. Akauliza mrefu kiasi gani. Nikamwonyesha taa ya darini.

Kumbe urefu wa mtu si hoja! Hoja ni kiwiko. Mtu asimame wima na viatu vyake, akunje mkono, apimwe kutoka sakafuni hadi kiwikoni. Hapo ndipo meza inapotakiwa kufika. Meza nyingi za kupanda na kushuka, kasema, huishia sentimita mia na ishirini, na watu warefu sana zinawaacha juu. Tena kadiri meza inavyopanda ndivyo inavyotikisika. Kwa hiyo uipandishe mpaka mwisho, kisha uisukume. Usidanganywe na rangi.

Nikataka kuijaribu kama mzee mwenyewe. Nikageuza pipa la taka, nikapanda juu yake, nikabonyeza kitufe. Meza ikapanda. Nikajiona mtu mwingine kabisa! Huko juu kuna upepo. Nikaisukuma kama nilivyoelekezwa. Meza ikatulia. Pipa likaondoka.

Dada akaninyanyua, akanisihi nimlete mwenye meza, au walau nimuulize kiwiko chake. Nimuulize! Huyu hamjui baba mkwe. Miaka kumi na mmoja tangu nipose kwake, nikimwamkia anaitikia juu ya kichwa changu, kama anayemjibu mtu aliyesimama nyuma yangu. Mara mbili nimegeuka kutazama. Tena nikimuuliza, mama mkwe atajua, shemeji atajua, na mwanyumba atakuwa na habari kabla sijakunja utepe wa kupimia.

Goti linauma. Jino nalo, ajabu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Siku mbaya. Mpango ulikuwa safi. Baba mkwe hujipumzisha baada ya chakula cha mchana, na saa hizo mama mkwe yuko uani anaanika nguo. Nami nikawaza: mtu aliyelala ni mtu aliyesimama, ila kalazwa. Nikafika na kifurushi cha machungwa kama mkwe mwema, nikasubiri mkoromo wa kwanza, nikavua viatu, nikaingia.

Kitanda chake kimeongezewa benchi kwa ajili ya miguu. Nikaanzia hapo benchini, kisiginoni. Mzee kalala chali, mkono mmoja kauweka chini ya kisogo, kiwiko kimeelekea dirishani. Vizuri, nikasema moyoni, kiwiko kiko wazi. Nikavuta utepe. Nikavuta. Nikavuta. Sentimita mia na sabini na mbili! Nilijua mzee ni mrefu, lakini kiwiko peke yake kinanipita mimi mzima!

Nilikuwa naandika namba kiganjani mlango ulipofunguka. Mama mkwe. Akaniona nimepiga magoti kando ya mumewe, utepe umenyooka toka unyayoni hadi begani. Akawaza ambalo yeyote angeliwaza.

"Unampima ya nini? Hajafa! Mume wangu hajafa!"

Ukelele ule ulileta majirani wawili, wa kulia na wa kushoto, mmoja tayari analia. Baba mkwe akafumbua macho, akauliza nani amekufa. Wote wakamtazama yeye. Nikasema la kwanza lililonijia mdomoni: nampimia suti. Nilitaka kumshtukiza.

Kisha mama mkwe akajifuta machozi, akasema kumbe. Baba mkwe akasema yeye apenda ya kijivu.

Nyumbani, mke wangu akaniuliza kwa nini sikumwambia yeye ampigie baba yake simu. Nikamjibu kwamba haya ni mambo ya mbinu. Nimekula peke yangu.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Hakuna meza ya dukani inayofika mia na sabini na mbili. Nimepiga simu maduka manne. La nne walinikatia.

Nimekwenda kwa seremala. Akasoma karatasi yangu, akaigeuza, akaisoma tena. Akauliza kama mzee huyu anakaa kwenye ghorofa au yeye mwenyewe ndiye ghorofa. Kisha akanisimamisha ukutani, akapiga alama ya penseli pale mia na sabini na mbili, akaniambia nigeuke niitazame. Ilikuwa juu ya utosi wangu. Akasema ameshatengeneza makabati mafupi kuliko meza hiyo. Nimlete mwenyewe apimwe mbele yake.

Nikamwambia namba ni namba, nimepima kwa mkono huu huu. Akashusha pumzi. Basi, akasema, itakuwa mbao ngumu na miguu minene, haitatikisika hata ng'ombe akiiegemea. Lakini ikikataa, lawama si zake. Akataka nitie sahihi. Nimetia. Fundi mwoga!

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Hatari! Mke wangu kasikia kwa mdogo wake kwamba mwanyumba ameonekana duka la samani, na daftari mkononi.

Nikampitia kazini kwake, kama naangalia hali. Chumba kizima meno. Yamepangwa mezani seti kwa seti, yote yananicheka. Nikavuta kiti, nikamnong'oneza, ndugu kwa ndugu, kwamba Mungu si wa mmoja na mimi sina roho ya kwa nini: kiwiko cha mzee ni sentimita tisini na nane. Akaandika! Akauliza kama nina hakika. Nikamwambia nilimpima kwa mkono wangu, na mama mkwe ni shahidi. Hapo sikusema uongo.

Akanishukuru kwa mikono miwili. Nikatoka napiga mluzi. Tisini na nane! Mzee ataweka goti juu yake.

Jumamosi, tarehe 15 Machi

Wachukuzi wanne. Meza ilikataa mlango. Miguu iliingia, uso ukabaki barazani. Ikabidi dirisha ling'olewe na fremu yake, na mama mkwe akasimama kando akiuliza kila dakika kama hii ndiyo suti.

Hatimaye ikasimama chumba cha kuchorea. Baba mkwe akaingia polepole, mkono kiunoni. Akaisogelea. Ikamfika begani. Akainua mikono yote miwili, akaiweka juu ya meza, akawa kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mama mkwe akauliza karatasi ataionaje. Ili kuonyesha uimara, nikapita chini ya meza toka upande huu hadi upande wa pili, bila kuinamisha kichwa. Ndipo nikagundua kwamba hilo halikusaidia.

Mara mwanyumba huyo, na meza yake ya kitufe. Akaibonyeza ikapanda, ikasimama kiwikoni mwa mzee, sawasawa! Mia na ishirini na nane. Nikamvuta pembeni, nikamuuliza ile tisini na nane ilikwenda wapi. Akasema aliipokea kwa moyo wote, ila kwa uhakika zaidi alimpigia mzee simu akamuuliza. Alimuuliza! Mzee akasimama, akakunja mkono, mama mkwe akapima. Dakika mbili.

Baba mkwe akataka kujua mimi nilipimaje. Nikalala sakafuni, nikaweka mkono chini ya kisogo, nikawaonyesha. Nilipokuwa pale chini, kiwiko kimepanda hadi usawa wa bega na kuelekea dirishani, ndipo na mimi nikaelewa.

Mwanyumba alicheka kwa meno yote thelathini na mawili. Baba mkwe akauliza kama suti nayo imekatwa kwa vipimo hivyo.

Jumapili, tarehe 16 Machi

Mama mkwe kapiga simu niende haraka. Nikajua naitwa kuondoa mzigo wangu. Nikaenda nimevaa nguo za kazi.

Nikamkuta baba mkwe kasimama kwenye meza ya mwanyumba, uso umekunjamana. Tangu asubuhi anachora ukuta mmoja. Meza imepandishwa mpaka mwisho, na huko mwisho inacheza. Akivuta mstari, unatoka nyoka. Akifuta, penseli zinadondoka. Mwanyumba alikuwa chini amelala kifudifudi, anakaza skrubu, anakunja karatasi, anasukumiza chini ya mguu. Nikamuuliza kwa upole kama pale dukani aliisukuma. Akakunja karatasi nyingine. Alichukua namba akasahau kusukuma!

Mzee akaiacha. Akaenda kwenye yangu, akaipiga kwa nyonga. Ikakaa kama ukuta. Akaipiga tena. Akasema, "Ndefu hukatwa. Inayotetemeka utaifanya nini?"

Seremala aliitwa. Alianza kucheka tangu getini. Akakata sentimita arobaini na nne kila mguu, miguu yote minne, kisha meza ikasimamishwa upya. Baba mkwe akaweka kiwiko. Kikakaa. Akavuta mstari wa kwanza, umenyooka kama uzi. Akavuta wa pili. Hakuguna.

Nilisimama mlangoni nikamtazama. Miaka yote hii nilikuwa sijamwona mtu huyu akiwa kazini kanyooka. Kumbe ndivyo alivyo. Mama mkwe alikuwa kasimama karibu yangu, kashika khanga mdomoni. Macho yakaniwasha. Vumbi la mbao.

Kisha mzee akafungua kabati, akatoa ramani yangu, akaitandika. Mwanyumba akaanza kusema jambo kuhusu haki. Mama mkwe akasema neno lilikwisha kutamkwa.

Alhamisi, tarehe 20 Machi

Ngazi imefika juu! Ramani imekwisha. Mzee kachora makabati ya jikoni usawa wa kichwa chake mwenyewe, nitayafikia kwa ngazi nyingine, lakini silalamiki.

Mwanyumba anatangaza kwamba ilikuwa bahati. Bahati! Nimemweleza mke wangu kwamba niliacha urefu wa ziada kwa makusudi, kwa ajili ya kukata. Akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu mwanzo. Akatoka nje, nikamsikia anacheka na ndoo.

Hebu mtu apige hesabu kwa akili tulivu. Ningeuliza, ningepata mia na ishirini na nane. Ningepata mia na ishirini na nane, ningechukua ile inayocheza. Leo mzee angekuwa anachora nyoka. Ushindi wangu wote umetokana na kutouliza.

Na jambo limezuka. Miwani ya mama mkwe imepata ufa, anataka mpya. Mwanyumba kashauri apelekwe kwa daktari wa macho apimwe. Watu wa milimita! Nimewaambia waniachie mimi. Kesho akiingia kuoga, nitaichukua hiyo ya zamani, nitaivaa, nitafungua gazeti. Nikisoma vizuri, basi macho yake nimeyajua.