Mwaliko wa Tatu

Jumatatu, 13 Januari

Baridi ya kukata masikio. Ziwa limeganda hadi malori yanapita juu yake. Riwaya zangu zimehamishiwa kapu la bei chee, pale dukani kwa Marv. Ndiyo maisha ya mtunzi.

Habari njema moja! Twyla, mkutubi mpya kutoka Arizona, amenialika maktabani Ijumaa, nijitambulishe mbele ya watu: tamthilia zangu, riwaya zangu, mtindo wangu. Nimekataa, bila shaka. Huku Minnesota mtu mwenye adabu hukataa mara mbili, akakubali mwaliko wa tatu. Nikasema sistahili. Twyla akasema sawa, akakata simu.

Sawa?!

Jumanne, 14 Januari

Nafasi kapewa Corliss Engebretson, mwandishi wa mapenzi na farasi.

Si majivuno. Ijumaa hiyo naihitaji kwa ajili ya Delmar, mdogo wangu. Hasemi nami tangu riwaya yangu ya kwanza, ile ya mkulima anayeachwa na mkewe huku akikama ng'ombe. Delmar aliachwa na mkewe huku akikama ng'ombe. Lakini nilibadilisha jina! Mkulima wangu anaitwa Elmar. Ningesimama pale, nieleze kwamba mtindo wangu ni ubunifu mtupu, Delmar asikie, yaishe. Nimebaki naye peke yake. Wengine wetu wote wamelala makaburini, nyuma ya kanisa.

Jumatano, 15 Januari

Mpango! Nimempelekea Corliss bakuli la nyama ya kusaga na viazi, linafuka moshi. Nikamsifia farasi wake, nikamsifia mahaba yake, hadi mashavu yakamwiva. Adabu ikambana, naye akalazimika kunisifu. Akasema jamani Orrin, kwa kweli aliyestahili ni wewe. Nikadaka hapo hapo! Nikamwambia asante, nimekubali. Akabaki na kijiko mkononi. Mumewe alizima televisheni ili asikie vizuri.

Kabla ya jioni mji mzima ulikuwa na habari. Marv alinipimia misumari bila kunitazama, akasema nilichofanya ni tofauti. Huku kwetu hakuna tusi zito kuliko hilo.

Twyla ameridhia. Mwaliko wa Delmar nimeuchomeka chini ya mlango wake, nikakimbia.

Ijumaa, 17 Januari

Marafiki wa Corliss walikaa mbele, mikono kifuani. Lakini Delmar alikuja! Alisimama nyuma kabisa, penye makoti, kofia mkononi. Amezeeka.

Nilianza vizuri. Nikasema watu wangu nawaumba kichwani, hakuna ninayemnakili. Kimya. Tamthilia zangu nimezijaza kimya, lakini kile cha watazamaji sikiwezi. Nikaona niwachangamshe kidogo. Nikawasimulia Elmar alivyomkimbilia mkewe barabarani, ndoo ya maziwa mkononi, akimlilia: "Basi ngoja angalau nimalize kumkama huyu wa mwisho!"

Walicheka hadi wakashikana mabega! Hata Corliss. Marv akauliza, maneno matamu hivyo bwana huyatoa wapi? Nikavimba kichwa. Nikajibu kwamba maneno kama yale hayatungiki, niliyasikia kwa masikio yangu mwenyewe, nimesimama zizini kwa Delmar.

Kicheko kikakatika. Mlango wa nyuma ukafungwa polepole. Huku hatubamizi milango.

Mdomo umeponza kichwa. Nimelia garini, na sioni haya kuandika hivyo.

Jumapili, 19 Januari

Hodi asubuhi. Delmar! Kashika samaki wawili walioganda kama kuni. Ijumaa hakuitaja. Alitazama theluji, akasema kibanda chake cha kuvulia kiko pale ziwani, juu ya barafu, samaki wanakula chambo, niende basi tukakae.

Moyo ulinipasuka kwa furaha. Nikasema la, nisikusumbue.

Akasema, "Kahawa ipo, kaka. Na kiti cha baba nimekileta."

Nikasema hapana bwana, utabanana bure. Mguu mmoja ulikuwa tayari ndani ya buti. Nikasubiri mwaliko wa tatu.

Akafungua mdomo. Kisha akaona kalamu mkononi mwangu. Nilikuwa nimeandika "kiti cha baba" kiganjani, kwa sababu sentensi kama ile huwezi kuiacha ipite. Alikitazama kiganja kwa muda. Akaweka samaki kizingitini, akavaa kofia, akashuka ngazi akishikilia reli. Sikumwita. Mwenye kualikwa haombi.

Nimekaa dirishani. Kibanda chake naweza kukiona kutoka hapa. Bomba la jiko lake linatoa moshi.

Tamthilia mpya! Onyesho la kwanza limekamilika kabla ya chakula cha mchana: ndugu wawili, mlango, samaki. Hii itamrudisha, nina hakika. Akiiona jukwaani ataelewa ninavyompenda. Na safari hii sirudii kosa. Jina nimelibadilisha sawasawa kabisa.

Telmar.