Kwaya Nzima Ndani ya Faili Moja

Jumatatu, 12 Mei 2025
Nimejitolea. Mama Agathe, kiongozi wa kwaya yetu ya kanisa, ambayo wengi wetu ni wakimbizi, anahamia Kanada Jumapili hii, na lazima tumchague mwingine. Wanaotajwa ni wawili: mimi, na Doudou, kinyozi wa mtaa wa Greyville anayejipiga picha hata wakati wa sala. Leo mazoezini nilisimama nikatangaza: nitakusanya picha na video zote za kwaya, za miaka tisa, kutoka simu za watu. Nitazibana kwenye faili moja, Mama aondoke nazo kwenye flashi. Na simu zenu zilizojaa nitawarudishia zikiwa na nafasi. Makofi!

Mama Agathe akasema ana ombi moja. Kwenye simu yake kuna video ya marehemu mumewe, Papa Achille, akipiga gitaa na kuimba. Sauti yake haipo mahali pengine popote. Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Programu nitaiandika mwenyewe, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Nimeshatazama masomo manne.

Jumanne, 13 Mei
Programu imekamilika. Mistari kumi na moja. Nimeijaribu dukani, huku mjini ninakobadilisha vioo vya simu. Nimeduwaa. Picha zangu zilikuwa megabaiti 900. Baada ya kubanwa, 901.

Mwaura alipita. Ni Mkenya anayesoma kompyuta chuo kikuu, kule Westville; kwenye kwaya anaimba besi. Akaeleza kwamba usipoiambia Python ibane, inapanga tu vitu ndani ya faili kama vilivyo. Tena picha za simu huwa zimeshabanwa tangu zinapopigwa, kwa hiyo nisitegemee miujiza. Akaomba kuisoma programu yote. Nikafunga laptop. Nikimwonyesha, kesho atasema aliandika yeye.

Jumatano, 14 Mei
Nimeanza na simu ya Mama Agathe, kwa heshima. Gigabaiti nne. Nikafungua faili kuhakikisha: Papa Achille yumo, na gitaa lake. Safi kabisa. Nikafuta kila kitu kwenye simu, halafu nikafuta hata pipa la taka la simu, maana fundi mzuri haachi uchafu. Mama akauliza kama nina hakika. Nilimcheka kwa upole.

Alhamisi, 15 Mei
Siamini macho yangu. Nimeongeza simu ya Huguette kwenye faili lilelile, na faili limepungua. Jana gigabaiti nne, leo tatu! Nimeongeza simu nyingine kumi na moja. Linapanda kidogo, linashuka, lakini nne halifiki tena. Kila simu nikimaliza, naifuta.

Na Mwaura aliniambia nisitegemee miujiza. Hawa watu wa chuo kikuu.

Ijumaa, 16 Mei
Simu ya mwisho ilikuwa ya Doudou. Nilimweka mwisho makusudi, ajue nafasi yake. Nikaifuta kama zile nyingine. Faili zima sasa ni megabaiti 600. Miaka tisa, simu kumi na nne, megabaiti 600. Nimeandika hotuba ya kupokea uongozi, kurasa mbili.

Jumamosi, 17 Mei
Sijui nianzie wapi.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mama Agathe alikaa mbele na kitenge kipya. Nikawasha projekta, nikaiamuru programu ifungue faili. Doudou ufukweni. Doudou na viatu vipya. Doudou na sahani ya kuku. Picha 312, zote Doudou. Mwanzoni watu walicheka. Mama Agathe akasimama.

"Josias, mutoto wangu, Achille iko wapi?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwaura akachukua laptop, akasoma ile mistari kumi na moja mbele ya watu wote. Akasema kila nilipoleta simu mpya, programu ilifungua faili upya: inamwaga vilivyomo, ndipo inaingiza vipya. Nilipaswa kuiambia iongeze. Kwa hiyo Huguette alimfuta Mama Agathe, wa tatu akamfuta Huguette, hivyo hivyo mpaka Doudou akatufuta wote. Nilitoka jasho hadi kwenye soksi.

Mwisho kabisa ilibaki video moja. Doudou anaonyesha koti jipya, na nyuma ya sikio lake la kushoto amekaa Papa Achille, anapiga gitaa na kuimba ubeti mzima. Sekunde arobaini. Mama Agathe alikwenda hadi ukutani, akagusa ule mkono wenye gitaa. Akaomba irudiwe. Ilirudiwa mara sita. Ukumbi mzima ulilia, na mimi nililia, siwezi kukana.

Kisha akamkumbatia Doudou. Doudou, aliyekuwa akionyesha koti! Kwaya ikamchagua palepale, bila kura.

Jumapili, 18 Mei
Mama Agathe ameondoka. Kwenye uwanja wa ndege aliniombea sala ndefu, lakini macho hakuyafumba, na simu, ambamo Mwaura alimwekea ile video ya koti, aliishika kifuani kwa mikono miwili. Nilimwomba anipe nihakikishe ile video imekaa vizuri. Alikataa mara tatu.

Kwenye taksi kurudi mjini, Doudou alinishukuru; bila mimi asingekuwa kiongozi. Akalalamika kwamba picha za vyeti vya ukimbizi za wanakwaya zimetawanyika, na kila mara ofisi ya wakimbizi inapozitaka watu wanahangaika. Nikamwambia programu nimeshairekebisha: sasa inaongeza, haimwagi. Akawaagiza wote wanitumie. Huguette peke yake amekataa.

Kazi nimeimaliza. Vyeti vyote vimo, nimehesabu mara mbili. Nakala za simuni nimewaambia wafute, na wamefuta. Tena safari hii nimepakua nyongeza ya programu inayofunga faili kwa neno la siri. Nimeweka la herufi ishirini na nne, zimechanganyika na namba na alama, na sikuliandika popote, hata humu, Doudou asije akalipata.