Udongo wa Chupa ya Nne

Jumatatu, 3 Machi 1958
Kazi mpya, Kinondoni: kuosha chupa za Bwana Daktari. Mimba ya miezi minne, Sadallah mgongoni anaota meno. Raha tupu! Daktari katoka ncha ya kusini ya dunia, kwenye barafu, na chupa tisa za udongo. Anatafuta bakteria, vidudu visivyoonekana kwa macho. Akatuambia, mie na mwenzangu Chausiku, kwamba mtu akikanyaga mahali huacha vidudu vyake. Chupa ya nne ndiyo lulu: imetoka mahali pasipowahi kukanyagwa. Atakayeigusa, kazi hana. Mtu mzima kufuata udongo mwisho wa dunia! Temeke umekwisha?

Jumanne, 4 Machi
Hamu ya udongo imenipanda. Ule wa soko la Tandale kila mkono umeushika. Huu uko kwenye friji ya mafuta ya taa. Msafi, wa baridi. Nimelamba kidogo tu. Kidogo tena. Mtamu! Chupa tupu. Mimba hii itanitoa roho.

Jumatano, 5 Machi
Akili ninayo. Nimechota udongo karibu na banda letu la kuku, nikaukaanga vidudu vife, nikauchekecha. Sadallah akatumbukiza mkono, eti anasaidia. Nikambusu, nikamfinya sikio kidogo. Nikaujaza chupani. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Machi
Daktari kashika kichwa. Chupa ya nne ina vidudu vya kuku na vya binadamu! Chausiku, rafiki mwema, akasema upesi: Mama Sadallah kaula, nimemwona na udongo menoni! Kazi hiyo, na maziwa ya mtoto hayo, vyote kwaheri. Daktari akamtazama Chausiku kwa huruma. Akasema mtu mwenye akili zake hali udongo. Chausiku akaapa kwamba wajawazito wote wa pwani wanakula. Daktari akamgusa paji la uso, akamwambia ana homa, akapumzike. Mie akaniuliza tu. Nikashangaa: udongo, bwana? Astaghfirullahi!

Jumamosi, 8 Machi
Daktari ameandika kwamba uchafu wa binadamu umefika hata pasipokanyagwa. Si uongo! Nimetubu kwa Mungu, sigusi tena chupa ya mtu. Ufunguo wa friji nimekabidhiwa mie, kwa kuwa nina akili zangu.
Chupa ya saba inanukia mvua ya kwanza.
Nimeonja kidogo tu. Safari hii nimechota mbali na kuku. Kikaango kiko motoni.