Siku Nilipoifunga Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Machi
Fundi Mkuu kaenda semina. Kaniachia seva zote, ruta zote, nyaya zote. Mimi! Kasema neno moja tu: nisiguse kitu. Akirudi Ijumaa akakuta mtandao mzima, barua ya ajira ni yangu. Akikuta umekufa, majaribio yangu yamekwisha na mimi nimekwisha. Nikamwambia alale usingizi, kaka, hapa umeacha jembe. Akanitazama kidogo zaidi ya kawaida.

Nyumbani, Mama keshawatangazia majirani kwamba mwanawe kaajiriwa. Habari za majaribio hana. Nitamwambia nikishaajiriwa.

Jumanne, 4 Machi
Mtandao mzima. Shida ndiyo hiyo! Ukiwa mzima, nani atajua kuna mtaalamu? Meneja kapita mezani kwangu, kaniomba nimsogezee kiti. Mama Risiti, mhasibu wetu, ananiita "yule wa chaja".

Akili ikanijia. Nikamkatia mtandao Mama Risiti peke yake. Atapiga kelele, nitafika mbio, nitashikashika waya na uso wa daktari, nitaurudisha, Meneja atasikia.

Hakupiga kelele. Asubuhi yote kimya. Nikachungulia. Anafuma sweta! Nikamuuliza kwa upole kama kompyuta haimsumbui. Akasema mwanangu, ondoka hapo, bila mtandao Meneja hawezi kunitumia kazi, na ole wako uiguse. Nikamrudishia kwa hasira. Kaninunia mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi
Mtu mmoja hatoshi. Leo nimeandika kanuni ya kuzuia kompyuta zote za ghorofa ya pili. Kazi safi! Nikabonyeza. Ghorofa nzima ikafa. Meneja akatoka ofisini akiuliza fundi yuko wapi. Fundi! Nikakunja mikono ya shati taratibu, waone. Nikakaa niifute kanuni yangu.

Haifutiki. Kompyuta yangu nayo iko ghorofa ya pili.

Si neno. Nikaenda chumba cha seva, mwisho wa korido, nikaifutie humo humo. Nikagusisha kadi mlangoni. Taa nyekundu. Mlango ule huuliza mtandao kwanza ndipo ufunguke. Na mlango uko ghorofa gani? Basi.

Nikaipuliza kadi. Nikaipangusa kwenye suruali. Nikaubembeleza mlango. Mama Risiti akapita na sweta lake, akaniuliza baba, umekujibu nini?

Nikampigia Fundi Mkuu, nikasema mtandao umezimika wenyewe. Akauliza, wenyewe, ghorofa ya pili tu? Nikamwambia simsikii vizuri, nikakata.

Alhamisi, 6 Machi
Fundi Mkuu kaiacha semina, kaja na basi la kwanza, kitambulisho cha wageni bado kinaning'inia shingoni. Ana ufunguo wa chuma wa mlango ule. (Sasa ndiyo naambiwa!) Kaingia, kaifuta kanuni, katoka, kaniita. Nikamfikiria Mama na majirani.

Mara Mama Risiti huyo, bila kubisha hodi. Akasema huyu mtoto hafukuzwi. Kwanza, jana kwa kukosa mtandao ofisi nzima imekula meza moja, na hapo ndipo Meneja kajua kwamba mimi nina wajukuu. Halafu kijana kashinda mlangoni bila kula, anausemesha mlango kama mgonjwa. Mwenye roho mbaya angetoroka. Fundi Mkuu akajitahidi kukasirika. Kicheko kikamtoka puani.

Hukumu: sifukuzwi, siajiriwi. Majaribio yanaanza upya. Pasiwedi zote kabadilisha.

Nikamshukuru Mama Risiti. Kanipima mabega kwa mkono, kasema nimekonda, sweta itabidi alipunguze.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekaa nikajichunguza kwa ukweli, kama mtu mzima. Kosa langu nimeliona. Nilikaa ghorofa isiyofaa!

Nimeomba kuhamia ghorofa ya kwanza, ile meza ya kona. Waya wa ghorofa ya pili unapita chini yake. Pasiwedi ya nini? Unachomoa kwa mkono, unarudisha kwa mkono.

Fundi Mkuu kaniuliza nafuata nini huko chini. Nikamwambia utulivu, kaka.