Daftari Letu Lililozama Siku ya Kwanza

Kwa Meneja,
Kampuni ya Safari za Boti.

Ndugu Meneja,

YAH: OMBI LA KUMZUIA MKE WANGU ASIPANDE TENA BOTI YENU

Ninaandika nikiwa na akili zangu timamu, na miwani nimevaa. Mimi ni mtunza stoo mstaafu wa idara ya maji. Kwa miaka thelathini na mbili hakuna koki, bomba wala nati iliyotoka mikononi mwangu bila maandishi na sahihi. Nakueleza haya mapema ili usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa maneno maneno.

Mwezi uliopita mimi na mke wangu tulisafiri na boti yenu ya tanga siku nane, kandokando ya ile pwani ya ugenini yenye joto. Tiketi alitununulia binti yetu wa pekee, kwa bei ya kutupa. Tangu turudi, nyumba yangu haikaliki. Na sasa mke wangu ametangaza kwamba safari yenu ya mwezi ujao anakwenda tena, nitake nisitake, niwe naye au nisiwe naye. Mnafunga kuandikisha Ijumaa. Naomba jina lake mlikatae kabla ya hiyo Ijumaa, kwa sababu zifuatazo.

1. Chumba. Tangazo lenu lilisema tutapewa chumba cha wawili kilicho karibu na bahari. Ukaribu ulikuwepo, sikatai. Bahari yenyewe ilikuwa inaingia. Lakini chumba, jamani! Nimewahi kuwa na kabati la nati lenye nafasi kuliko kile. Ili mimi nivae suruali ilibidi mke wangu apande kitandani, na kitanda ni kimoja. Nyumbani tuna vyumba vitatu: changu, chake, na cha binti yetu aliyeolewa. Miaka tisa tumeishi hivyo kwa amani, hakuna anayemkanyaga mwenzake wala anayemuuliza mwenzake kitu.

2. Daftari. Hapa naomba usome polepole.

Mimi na mke wangu hatukuwa tunazungumza. Usishtuke, si kwamba tulikuwa tunagombana; tulikuwa na utaratibu. Juu ya friji kulikuwa na daftari kubwa la jalada gumu. Mwenye neno analiandika, anaweka tarehe na sahihi. Mwenzake akisoma anaandika "Nimeona", naye anasaini. Gesi imeisha. Nimeona. Shangazi yako amelazwa. Nimeona. Mke wangu alikuwa mpokea simu wa ofisi kwa miaka ishirini na sita, mtu aliyelipwa kwa kuongea, lakini nyumbani alilizoea daftari bila tabu. Au ndivyo nilivyodhani. Tulijaza madaftari kumi na moja. Sidhani kama kuna nyumba nyingine yenye kumbukumbu safi kama yangu.

La kumi na mbili tulisafiri nalo. Siku ya kwanza, hata mabegi hatujamaliza kufungua, boti yenu ikalala ubavu, daftari likateleza mezani, likatokea kwenye kidirisha ambacho fundi wenu hajakiwekea kitasa, likatua majini. Nikapiga kelele: daftari! Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mke wangu kwa mdomo katika miaka tisa. Na yeye, badala ya kusikitika, akalitazama linavyoelea, akasema liende zake. Nikakimbia kwa nahodha wenu, yule ambaye kila mtu anamwita Kofia kwa sababu hajawahi kuonekana bila hiyo kofia yake, nikamwomba ageuze boti. Akaniuliza ndani yake mlikuwa na nini cha maana. Nikamwambia mlikuwa na ndoa yangu. Akatazama upepo, akaendelea na safari.

3. Lalamiko la tatu nimelifuta. Lilihusu supu, na nimekuja kukubali kwamba niliongezewa mara mbili kwa kuomba mwenyewe.

4. Kazi. Kumbe ile bei ya kutupa ina sababu yake: abiria ndio wafanyakazi! Maelezo yako nyuma ya tiketi kwa maandishi ya sisimizi. Mke wangu alikuwa ameyasoma, akayanakili kwenye daftari, ukurasa wa mia na nne, na mimi nikaandika "Nimeona" bila kuona.

Sasa kamba ya tanga inataka watu wawili, mmoja avute, mwingine alegeze, na wasiposemezana inaweza kumkata mtu vidole. Nilimshauri Kofia kwamba tungeweza kupeana ishara za mikono. Akasema kwenye boti yake kamba haziendi kwa barua. Basi, siku mbili nzima mimi na mke wangu tukawa na maneno matatu tu: vuta, tayari, legeza. Siku ya tatu asubuhi akaniambia legeza. Nikalegeza kamba. Akaniambia, na uso pia. Mpishi wenu aliangusha sufuria kwa kicheko. Mimi mtu mzima na mvi zangu nikajikaza kisabuni, lakini wapi, nikacheka mbele za watu, kicheko cha sauti. Ni nani aliwapa ruhusa ya kunifanyia hivyo?

Kama hilo halitoshi, siku ya nne Kofia akampa usukani. Mke wangu! Mtu ambaye nyumbani sijawahi kumwachia hata rimoti ya televisheni. Akausimamia bila wasiwasi, anatoa amri, na sisi tunakimbia huku na huku. Wakaanza kumwita Mama Usukani, na yeye anaitika. Alikuwa amependeza sana, na hilo naliingiza hapa kama sehemu ya malalamiko.

5. Kukatika kwa upepo. Siku ya tano upepo ukakatika. Injini mnayo, ila mafuta yake hayamo kwenye bei ya kutupa. Tukakaa palepale kutwa nzima, chini ya turubai, jua la utosini, hakuna kamba ya kuvuta, hakuna redio, hakuna chumba cha kukimbilia. Ndipo nikafanya kosa la kumuuliza kama bado ana kinyongo kuhusu kochi.

Ngoja nikueleze. Miaka tisa iliyopita niliuza kochi lake la zamani bila kumuuliza, wiki ileile ya harusi ya binti yetu. Alipoacha kuongea nami nikajua ni kochi. Daftari la kwanza, ukurasa wa kwanza, niliandika: "Samahani kwa kochi." Akaandika: "Nimeona." Nikafunga faili.

Kumbe si kochi! Alisema kochi lenyewe lilikuwa na kunguni na alishukuru Mungu lilipoondoka. Ilikuwa ni hotuba yangu ya harusini. Nilishukuru watu wote siku ile, Ndugu Meneja, nilikuwa na orodha. Nilimshukuru mpiga picha, wapambaji, madereva. Mwenye jenereta nilimshukuru mara mbili. Mama wa bibi harusi sikumtaja. Alikuwa amekaa mbele yangu kabisa, amevaa gauni aliloshona mwenyewe kwa wiki tatu, ameshika kitambaa mkononi tayari kujifuta machozi akitajwa. Mimi nikakunja karatasi yangu, nikakaa. Alirudi nyumbani na kitambaa kikavu.

Nilitaka kumjibu pale kwenye boti, na sikuwa na daftari. Nikalia, basi. Sioni aibu kusema. Mnapaswa kuwawekea abiria vitambaa. Mimi nilijifuta kwa turubai lenu.

6. Hali ya nyumbani. Tangu turudi, anaongea. Asubuhi hata miwani sijavaa, anaongea. Ananiita kutoka jikoni hali mimi niko bafuni, na anataka jibu hapohapo. Jirani yetu, fundi viatu, alikuja kuuliza kama tumepata wapangaji. Taarifa ya habari sijaisikia mpaka mwisho wiki tatu sasa. Juzi alinisimulia habari za bosi wake wa zamani aliyekuwa akipiga simu ofisini kwake mwenyewe ili asikie kama anasifiwa. Chai ikapoa, tukapika nyingine, nayo ikapoa.

7. Hili ndilo zito. Mimi ni mtu wa stoo, lazima nihesabu. Katika miaka tisa nimekunywa mbele ya mke wangu vikombe elfu tatu mia mbili themanini na tano vya chai ya asubuhi, kimyakimya, na siku za ziada za mwaka mrefu sijaziingiza. Sasa, ikiwa kampuni yenu ina uwezo wa kumaliza kwa siku tano, tena kwa boti inayovuja, jambo lililotushinda sisi miaka tisa, basi mnawajibika kunieleza mlikuwa wapi muda wote huo. Boti mlikuwa nayo. Kofia mlikuwa naye. Mbona hamkuja? Mama wa watu amezeeka mbele ya macho yangu akiniandikia habari za gesi! Ninadai nirudishiwe hiyo miaka, yote tisa, ikiwa katika hali nzuri, nami nitaisaini nikishaikagua. Kama haimo stoo kwenu, nijulisheni kwa maandishi.

Mpaka mtakapojibu, asipokelewe. Akienda peke yake mimi nitabaki na vyumba vitatu na ukimya, na ukimya wenyewe siuwezi tena, mmeniharibu. Tukienda wote, nitaonekana nikicheka tena mbele za watu, na magoti yangu haya. Kokote nikigeukia, mimi ndiye nimepatikana.

Mfikishie Kofia salamu zangu, na umwambie ile kamba ya kushoto imeanza kulika, aibadilishe. Mpishi naye msalimie. Sufuria natumaini haikubonyea. Fundi wa madirisha simsalimii. Wengine wote hapo ofisini, hata yule dada wa mapokezi aliyesema tunafanana na maharusi, wasalimie mmoja mmoja, asisahaulike mtu.

Ni mimi, mwenye kulalamika kwa heshima zote,

Mtunza Stoo Mstaafu
(sahihi)

Nyongeza: Karatasi zimeniishia, kwa kuwa daftari la kumi na tatu hatujanunua, na mke wangu amesema halitanunuliwa. Kwa hiyo ukurasa huu wa mwisho nimeuandika nyuma ya fomu yenu ya kuandikisha. Tafadhali ugeuze. Utaona fomu imejazwa: watu wawili, chumba kilekile, na kidirisha msikiguse. Jina lake nimeliandika mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, mstari wa kwanza, kabla ya langu. Nimemsomea kwa sauti hivi punde, na amekwenda kutafuta kitambaa.