Hotuba ya Kukabidhi Ufunguo wa Chumba cha Kufulia

Mheshimiwa dada yangu, mwenyekiti wa kudumu wa lawama katika nyumba hii. Mheshimiwa mwanangu wa kwanza, uliyesafiri kutoka sebuleni hadi hapa bila kudai posho. Mheshimiwa mkamwana wangu, unayesimama mlangoni ilhali kiti kipo. Waheshimiwa wajukuu mliopanda kitandani na viatu. Itifaki na ikae pembeni, maana pumzi yangu haina akiba: nimesimama mbele yenu, kwa maana ya kulala chali juu ya mito mitatu, kutangaza rasmi kwamba kuna jambo la chumba cha kufulia nimelificha kwa miaka tisa, na sitaki kuondoka nalo. (Minong'ono. Dada: "Kama umeficha mke humo, kaka, sema mapema tumpelekee chai.")

Mtakumbuka kwamba mashine ya kufulia ilipoingia nyumbani, nami nikiwa nimestaafu karibuni wadhifa wa Naibu Mkurugenzi wa Matengenezo, wadhifa nilioutumikia miaka thelathini bila kushika spana, nilibaini pengo la kisera, nikaasisi Programu Endelevu ya Usafi na Matengenezo ya Mashine, ambayo mimi nilikuwa mwenyekiti wake, katibu wake na mratibu wake, kwa lengo la kuboresha, kuimarisha na kuyaendeleza maboresho yenyewe. (Makofi ya mtu mmoja, alikuwa anaua mbu.)

Katika awamu ya utekelezaji, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi mashine ilipewa likizo, ninyi wadau mkapigwa marufuku kufua hata leso, nami nikaingia chumbani na ndoo, brashi, chupa ya siki na redio ndogo, nikajifungia kwa saa mbili kamili, nikatoka mikono ya shati imelowa hadi viwikoni, na kubandika ripoti mlangoni: mpira wa mlango, umefutwa, droo ya sabuni, imesuguliwa, chujio, limekaguliwa, hali ya kuridhisha. Hizo ni Jumamosi mia moja na nane, sawa na saa mia mbili na kumi na sita, na ufanisi wa asilimia tisini na saba nukta nne, hicho kilichopungua kikisababishwa na mafua. (Kicheko. Mjukuu: "Babu, mbona tulikuwa tunakusikia unakoroma?" Mhutubiaji: "Ile ilikuwa mota.")

Hata hivyo, hakuna programu isiyo na changamoto, na katika mwaka wa pili mashati yetu yalianza kutoka na harufu ya tambara la deki lililosahauliwa kwenye ndoo, ndipo nikaunda kikosi kazi cha mtu mmoja, kikakaa robo saa, kikabaini kwamba mkamwana wangu, aliyekuwa ameolewa hapa miezi mitatu tu, anamimina sabuni ya unga bila kipimo, na kikapendekeza asiiguse mashine tena. Kwa miaka saba amefua nguo zake, na baadaye za watoto wake, kwa beseni huko uani, na kwa kuwa ndani ya mwezi mmoja harufu ilitoweka kabisa, niliandika kwa wino mwekundu kwamba hatua zimezaa matunda. (Dada: "Ndiyo maana nasema ufunguo asipewe yeye. Ataiua mashine." Mwana wa kwanza: "Shangazi, baba hajamaliza." Mkamwana anakunja taulo ambalo tayari limekunjwa.)

Suala la ufunguo ndilo ajenda pekee ya leo, na naomba lisiamuliwe kabla sijaeleza yaliyojiri Jumapili moja ya mwezi uliopita, saa nane mchana, wakati ambao kiratiba nilitakiwa kuwa nimelala. Niliamka, nikakuta ufunguo haupo kwenye msumari wake, nikaambaa na ukuta hadi chumba cha kufulia. Mkamwana wangu alikuwa amepiga magoti, ameweka sinia chini ya mashine, na kwenye kona ya chini kulikuwa na kijimlango kimefunguka, maji meusi yanachuruzika, naye anavuta soksi.

"Hicho kidude ni nini?" nikamuuliza.

"Chujio, baba."

"Limewekwa lini?"

"Lilikuja na mashine, baba."

Nikakaa juu ya kapu la nguo, kwa sababu za kiafya. "Na wewe umeanza lini kufanya kazi hii?"

"Wiki ile uliponikataza."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ripoti angeandika nani?" (Kicheko kirefu. Dada hacheki.)

Kisha akanielekeza, kwa lugha isiyohitaji kamati, kwamba mpira wa mlango hufutwa mpaka ndani ya mikunjo, ambako uchafu hujibanza. Kwamba droo huchomolewa yote. Kwamba mashine huzungushwa tupu kwa maji ya moto na siki. Na kwamba mlango huachwa wazi kidogo ukauke, ule ule niliokuwa naagiza ufungwe barabara kila jioni kwa sababu za kiusalama.

Kwa hiyo, waheshimiwa, ninapoelekea mwisho, wa hotuba na wa mengineyo, naomba tuitikie kaulimbiu zetu. Mpira ufutwe. (Wote: "Ufutwe.") Mlango uachwe wazi. ("Uachwe.") Mkamwana aombwe radhi. (Wote wanamgeukia dada. Dada, kwa sauti ndogo: "Aombwe.")

Nawashukuru kwa usikivu wenu, na wewe mkamwana wangu, sogea, ufunguo uko chini ya mto wa tatu. Programu ninayokukabidhi haikuwahi kuwepo. Nilikuwa nalowesha mikono ya shati bombani, nageuza ndoo, naegemea mashine na kulala saa mbili. Kikosi kazi nacho hakikukaa. Harufu ilipoanza nilijua fika kwamba ni uvivu wangu unaonuka, mwanangu, nikakutaja wewe kwa sababu ulikuwa bado mgeni na hukuwa na wa kukutetea.