Nani Atainyanyua Kodiani ya Bi Aigner?

Jumatatu, 4 Machi

Balaa limepanda treni. Limepandia Lambach, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Urefu karibu mita mbili, masharubu meupe, kibegi kimoja tu mgongoni. Linaitwa Korbinian Strasser. Mwalimu wa michezo aliyestaafu. Sasa kila siku anakwenda Salzburg kufundisha wazee kuogelea.

Na mkononi alikuwa na nini? Sanduku la kodiani la Bi Aigner!

Miaka kumi na moja mimi, Severin Pichler, karani wa bima, napanda treni hii Wels. Behewa la tatu, kiti cha pembeni. Miaka kumi na moja Bi Aigner, mwalimu wa muziki, anapandia Lambach, nami nasimama, namwamkia, nalipokea sanduku la kodiani, kile kinanda chake cha kuvuta, na kuliweka juu kwenye rafu. Anasema ahsante. Siku yangu imetimia.

Leo sikuwahi hata kusimama. Limekwisha kuwekwa. Kwa mkono mmoja!

Watu wa behewa hili wana adabu ya mizigo kwa sababu yangu. Koti kwenye ndoano. Kibegi juu. Kizito chini, kwenye ile nafasi kati ya viti vilivyopeana mgongo. Kiti ni cha binadamu, si cha mkoba. Mzigo wa mtu hausogezwi kabla hajaombwa. Kodiani pekee nimeiruhusu ikae juu ingawa ni nzito. Ikikaa chini, mimi nitanyanyua nini?

Mtu huyu hakuniuliza chochote. Kanitabasamia tu. Meno yote yake mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Nina mpango. Nimebeba mabegi matatu na kuyapanga kwenye rafu iliyo juu ya kiti cha Bi Aigner, ikajaa pomoni. Hesabu yangu: wataingia, watakosa nafasi, Bi Aigner atanigeukia, nami nitaondoa begi moja, taratibu, kama mwenye nyumba.

Nikajifanya nimesinzia ili jambo lisionekane la kupangwa.

Kosa. Strasser hakusogeza kitu. Alizunguka behewa zima akimwuliza kila abiria kwa upole kama mabegi yale ni yake. Adabu kamili! Nilichukia. Mimi hakuniamsha, eti mzee wa watu amechoka. Mzee! Kanizidi miaka minane!

Kondakta, Bi Gundula, akaja. Akatangaza kwamba mizigo isiyo na mwenyewe itashushwa kituo kinachofuata na polisi wataitwa. Nikaamka haraka sana. Akataka niyafungue. Nikafungua. La kwanza tupu. La pili tupu. La tatu tupu.

Akaniuliza kama nasafirisha hewa, na kama watu wa Salzburg imewaishia.

Behewa zima likacheka. Bi Aigner alificha uso nyuma ya karatasi zake za muziki, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Jumatano, 6 Machi

Strasser anamwita Hedwig.

Hedwig! Bila Bi, bila Aigner! Siku ya tatu! Mimi baada ya miaka kumi na moja bado ni Bwana Pichler, naye kwangu bado ni Bi Aigner, na tuliona ni sawa. Niliona ni sawa.

Tena Bi Aigner kaleta keki ya matufaha. Kaikata mwenyewe. Mimi kanipa kipande cha pembeni, kile kikavu. Strasser kapata cha katikati, matufaha yanachuruzika. Nikakila changu chote nikiangalia dirishani. Kilikuwa kitamu, jambo lililozidi kuniumiza.

Strasser akasimulia alivyovuka ziwa kwa kuogelea akiwa na miaka sitini. Nikasema mimi niliwahi kukaa Wels mwezi mzima bila mwavuli. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Jioni nimekwenda kwa dada yangu Notburga. Nimemwomba chupa kumi na mbili kubwa za kabichi yake ya kuchachusha. Akauliza kama nina wageni. Nikasema nina adui.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika kwa mkono unaonuka.

Mpango ulikuwa safi. Sanduku kubwa, chupa kumi na mbili ndani. Namwomba Strasser anisaidie kuliweka juu. Anajaribu, anashindwa, mgongo unalia ka-ka! Hedwig, yaani Bi Aigner, anaona kwamba mtu mwenyewe ni masharubu tu.

Nikamwomba. Akalishika mpini, akalipima, akalirudisha chini.

“Hapana, Bwana Pichler,” akasema. “Hili zito. Tuliweke chini, pale kati ya viti. Huko juu litamuumiza mtu.”

Sheria yangu! Ananisomea sheria yangu mwenyewe, mbele ya Bi Aigner, naye anatikisa kichwa kukubali!

Nikaona kiza. Nikalinyanyua mimi. Sijui nguvu zilitoka wapi. Goti moja kwenye kiti, kichwa chini ya sanduku, likapanda. Nikakaa, jasho tupu, nikapangusa paji la uso kama mtu asiyepangusa kitu.

Kabla ya kituo cha Attnang dereva akafunga breki.

Sanduku likashuka. Halikumgusa mtu, nashukuru. Lilimkosa Bi Aigner kwa kiganja kimoja, likaangukia kodiani, ambayo alikuwa ameiweka kitini kando yake, nje ya sanduku lake, ili arekebishe mkanda. Chupa zikapasuka. Kabichi ilikuwa kwenye viti, kwenye koti la Strasser, kwenye karatasi za muziki. Maji ya kabichi yakaingia ndani ya kodiani.

Saa nne wanafunzi wake walikuwa wapige muziki mbele ya wazazi, naye awaongoze kwa kodiani hiyo.

Nikasema kosa ni la dereva.

Strasser akavua skafu yake akaanza kuifuta ile kodiani, kibonyezo kimoja kimoja. Bi Aigner akaivuta kujaribu. Sauti ilitoka. Harufu pia. Kila akivuta, abiria wanashika pua.

Ijumaa, 8 Machi

Leo Bi Aigner alikuja kuketi mbele yangu. Strasser alibaki mlangoni, akijifanya anasoma ratiba. Nikaanza kusema habari ya breki. Akaniinulia mkono.

“Nyamaza kidogo, Bwana Pichler. Jana nimepiga vipande vinne. Safu ya mbele walihama. Kuna mtoto katapika.”

Nikasema pole.

“Sanduku hili nalishusha ngazi za ghorofa nne kila asubuhi. Peke yangu. Jioni nalipandisha. Unadhani nashindwa kuliweka kwenye rafu?”

Nikauliza sasa kwa nini miaka yote hii aliniachia mimi.

Akaangalia dirishani. Halafu akasema, taratibu, bila hasira, na hilo ndilo lililonichoma:

“Kwa sababu ulikuwa unafurahi sana. Siku ya kwanza nilikuona umekaa hapa kama mtu ambaye hajawahi kuombwa kitu. Nikasema, basi, mwache abebe.”

Nikauliza na Strasser je.

“Korbinian kafiwa na mkewe Novemba. Naye anahitaji kitu cha kubeba.”

Akaondoka. Sikuweza kula mkate wangu wa soseji mpaka Salzburg.

Jumamosi, 9 Machi

Sikulala. Nimefikiri mpaka kukapambazuka, na sasa naona mambo yote wazi.

Miaka kumi na moja! Mwanamke anayeweza kubeba mzigo wake kauacha ubebwe na mimi, kila siku, kwa ajili ya furaha yangu. Hiyo inaitwaje? Mimi najua inaitwaje. Naona haya kuiandika.

Kwa hiyo Strasser hanishindi kwa nguvu, nilikosea kabisa hapo. Ananishinda kwa huzuni. Yeye kafiwa. Mimi nina nini? Niko mzima, nina kazi, nina dada. Ndiyo maana napewa kipande kikavu!

Asubuhi nimekwenda duka la dawa kununua bendeji. Muuzaji kauliza nimeumia wapi. Nikamwambia bado sijaamua. Nimejaribu mbele ya kioo: mkono wa kushoto unapendeza, wa kulia unasikitisha zaidi.

Jumatatu napanda nimefunga yote miwili.